Maji ya Malakisi Hayafiki Kisumu

Huku Kisumu tumezoea kuamini kwamba kila mto wa magharibi mwa Kenya mwisho wake ni ziwani kwetu. Malakisi sivyo. Unaanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kenya, unapita Bungoma, unashuka Teso katika Kaunti ya Busia, kisha unavuka mpaka na kuingia Uganda. Huko unakutana na Mto Malaba, maji yanashika njia ya Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Ziwa Victoria haliyaoni. Malaba nao, ukiufuata hadi juu mlimani, unaitwa Lwakhakha, na mto wenyewe ndio mpaka: wewe umesimama Kenya, ng'ombe wako akivuka kufuata majani ameshafika Uganda. Kusini zaidi kuna Sio, ambao sehemu yake ya chini pia ni mpaka, mpaka unapoingia Victoria karibu na Sio Port.

Mimi ni mtu wa Sio. Mama alizaliwa upande wa Uganda akaolewa upande wa Kenya, na kwetu Wasamia hilo halimshangazi mtu. Tuko pande zote mbili, kama walivyo Wateso, na kama Wabukusu na Wagisu wanavyotazamana kule Elgon. Mpaka ulichorwa ukatukuta tumeshaoana. Ndiyo maana habari za maji ya mipakani zinanigusa, na ndiyo maana nataka kusema jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha: sisi Wakenya wa magharibi tuko juu ya mto na chini ya mto kwa wakati mmoja. Kuna majirani wanaosubiri maji tutakayowaachia, na kuna maji yetu ambayo lango lake limo mikononi mwa jirani. Aliye katika hali hiyo hawezi kudai haki Jinja, Uganda, huku akiinyima Musoma, Tanzania.

Nianze na Musoma, kwa sababu ndiko tunakodaiwa.

Mtu wa Nakuru anaweza kuona mambo haya hayamhusu. Mto wake Njoro unaishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Lakini ndani ya kaunti hiyohiyo ya Nakuru, katika Msitu wa Mau, kuna kinamasi kinachoitwa Enapuiyapui, na hapo ndipo panapotajwa kuwa chimbuko la Mto Mara. Mito ya Amala na Nyangores inashuka kutoka Mau, inaungana, inapita Maasai Mara, inaingia Serengeti, kisha inapenya vinamasi vya Mkoa wa Mara na kumwaga maji ziwani karibu na Musoma. Ni mwendo wa takriban kilomita 395. Karibu theluthi mbili ya bonde la mto huo iko Kenya na iliyobaki iko Tanzania. Kiangazi kikikaza, Mara ndio mto wa kutegemewa kwa nyumbu na punda milia wa kaskazini mwa Serengeti, na mto huohuo ndimo wafugaji wa Tarime wanamonyweshea mifugo na akina mama wa vijiji vya kule chini wanamochotea maji.

Sasa tazama tulivyoutunza. Kikosi kazi cha serikali kilichochunguza Mau kiliripoti mwaka 2009 kwamba takriban robo ya msitu ilikuwa imepotea katika kipindi cha karibu miongo miwili. Msitu ukiondoka, mvua haipati nafasi ya kuzama ardhini taratibu na kutoka baadaye kwenye chemchemi. Inateremka yote kwa siku chache, nyekundu, imebeba udongo wa shamba la mtu, kisha mto unapwa upesi. Anayeishi chini hupata mafuriko Aprili na matope makavu Februari, na wala hakuwepo siku viwanja vya msituni vilipokuwa vikigawanywa. Nasema hivi bila kusahau familia zilizoondolewa Mau na kuachwa kambini kandokando ya msitu na watoto wao, kwenye baridi ya kule juu. Kuulinda msitu kwa namna ile ni kuhamisha mateso kutoka chini ya mto kuyaleta juu. Lakini kuuacha uishe ni dhuluma kwa watu ambao hawapigi kura Kenya, na hilo wanasiasa wetu wanalijua vizuri mno.

Kuna tena mpango wa miaka mingi wa kuchepusha sehemu ya maji ya Amala na kuyapeleka Ewaso Ng'iro Kusini ili kuzalisha umeme. Ewaso Ng'iro hiyo inaishia Ziwa Natron, nako ni Tanzania, na ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana. Yaani kwa mradi mmoja tungemgusa jirani mara mbili: tungempunguzia maji upande wa Mara na kumwongezea upande wa Natron, mahali ambapo uhai wote unategemea chumvi na kina cha maji kisichobadilishwa ovyo. Sisemi Kenya haina haja ya umeme. Nasema uamuzi kama huo si wa Nairobi peke yake, na mtu wa Tarime ana haki ya kusikia habari zake kabla matingatinga hayajafika.

Hata kabla ya kuvuka mpaka tunashindwa. Nakuru ina kiu ya kweli. Maji ya visima vingi kule yana floraidi nyingi, na ukitembea mitaani utaona meno ya vijana yaliyobadilika rangi kuwa kahawia. Ndiyo sababu Bwawa la Itare lilianzwa huko Kuresoi mwaka 2017, lichukue maji ya Itare, ambayo hulisha Mto Sondu, na kuyapeleka mjini Nakuru. Walio chini, kuanzia Kericho hadi Nyanza, wakalalamika: Sondu ndio unaoendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, na ndio unaowafikia wakulima na wavuvi karibu na ziwa. Baada ya mwaka mmoja hivi kazi ilisimama kwa sababu za fedha za mkandarasi, na malalamiko hayakuwahi kujibiwa ipasavyo. Mwenye kiu alibaki na kiu, mwenye hofu akabaki na hofu. Hawa ni Wakenya kwa Wakenya, chini ya katiba moja, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha.

Sasa tugeuke upande ambao sisi ndio tunaosubiri.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Nyumba kubwa kiasi hicho ina mlango mmoja wa kutokea, na mlango uko Jinja, ambako Mto Nile unatoka ziwani. Waingereza walipomaliza kujenga bwawa la Owen Falls mwaka 1954, maporomoko ya asili yaliyokuwa yakiamua ni maji kiasi gani yatoke yalifunikwa, na kazi hiyo ikawa ya binadamu. Kwa hiyo palikubaliwa kanuni: maji yaachiwe kulingana na kimo cha ziwa, sawasawa na ambavyo yangetoka kama bwawa lisingekuwepo. Ziwa likipanda, achia zaidi, likishuka, punguza.

Kanuni hiyo ilifanya kazi kwa miaka mingi. Kisha ikaongezwa mitambo ya Kiira kando ya ile ya zamani, Uganda ikahitaji umeme zaidi, ukame ukaja, na kati ya 2004 na 2006 maji yaliyoachiwa yakazidi kiwango cha kanuni. Ziwa lilishuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka themanini. Nakumbuka ufuo wa Dunga hapa Kisumu ukirudi nyuma na boti zikikalia matope. Wataalamu waliochunguza waligawa lawama kati ya ukame na bwawa, na mimi naona mgawanyo huo ni wa haki. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwaka ambao mbingu zimefunga, hata Jinja ikifungwa, ziwa litashuka. Ila mvuvi wa Dunga hakuambiwa lolote kati ya hayo. Alichoambiwa ni uvumi wa sokoni kwamba Waganda wameuza maji.

Miaka kumi na mitano baadaye mambo yakageuka. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo rekodi iliyowekwa mwaka 1964 baada ya zile mvua kubwa ambazo wazee bado wanaziita mvua za uhuru. Mwaka 2024 likapanda hata kupita hapo. Budalangi, pale Mto Nzoia unapoingia ziwani, ilikuwa imebanwa: Nzoia unatoka Cherangani na Elgon umefura, na ziwa mbele yake limejaa, halina nafasi ya kuupokea. Matuta ya kuzuia mafuriko yalipasuka, watu wakahamia shuleni na kwenye barabara zilizoinuka, na makaburi ya wazee wetu yakabaki majini. Safari hii uvumi ulikuwa kwamba Waganda wamefunga maji. Ni watu walewale, kwa jirani yuleyule, wakimshuku kwa jambo lililo kinyume kabisa na lile la kwanza.

Shuku hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko mafuriko yenyewe, maana inaota mahali ambapo hakuna habari.

Misri ililielewa jambo hili mapema. Katika makubaliano ya enzi za ukoloni kuhusu Owen Falls, Misri ilipewa nafasi ya kuweka mhandisi wake Jinja aangalie jinsi maji yanavyoachiwa. Nchi iliyo maelfu ya kilomita chini ya mto ilitaka macho yake mwenyewe kwenye kipimo. Sisi tulio kandokando ya ziwa lenyewe tuliridhika kusikia.

Najua mtu atasema mikataba ya zamani ndiyo iliyotufunga. Ni kweli kwamba mwaka 1929 Uingereza ilibadilishana barua na Misri na kuahidi, kwa niaba ya makoloni yake, kwamba hapatajengwa kitu kwenye Mto Nile wala kwenye maziwa yanayoulisha kitakachoathiri maji ya Misri bila Misri kukubali. Ni kweli pia kwamba mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya Nile, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, bila kutuhesabu. Lakini Julius Nyerere aliandika mwaka 1962 kwamba Tanganyika huru haifungwi na ahadi iliyotolewa na mkoloni, na Kenya ilipopata uhuru ikashika msimamo wa namna hiyo. Skimu za umwagiliaji za Bunyala na Ahero zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, moja ikitumia maji ya Nzoia na nyingine ya Nyando, na mpunga ukapandwa. Wakulima wa Ahero wakikosa maji leo, ukiwauliza watakutajia bili ya umeme wa pampu na mifereji iliyozibwa na mchanga. Hawatakutajia Kairo. Mkataba wa 1929 umekuwa kisingizio cha starehe kwa viongozi ambao hawakutaka kutumia pesa vijijini.

Mambo mapya yalipokuja, tulikuwa wa kwanza kushangilia na wa mwisho kumaliza. Mpango wa Bonde la Mto Nile ulianzishwa Februari 1999 jijini Dar es Salaam, makao yake yakawekwa Entebbe. Mkataba wa ushirikiano uliozungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi ulitiwa saini Mei 2010 na Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania. Kenya ikafuata siku chache baadaye, na Burundi mwaka uliofuata. Misri na Sudan zilikataa. Kilichowagawa ni kifungu kimoja kuhusu usalama wa maji. Nchi za juu zilitaka kiseme kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka kitaje pia matumizi na haki zake za sasa, ambazo kwa hesabu yake ni ule mgao wa 1959. Nchi sita zinatosha kuupa mkataba nguvu. Sudan Kusini ikawa ya sita, na tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba ukaanza kutumika. Kenya haikuwa kati ya hizo sita. Tulitia saini 2010, tukaacha wenzetu Burundi na Sudan Kusini watutangulie kuridhia.

Mimi naliona hilo kuwa aibu, na nalisema kwa uchungu wa mtu anayeipenda nchi yake. Mkataba huo unazitaka nchi zitumie maji kwa usawa, zisidhuriane, na zibadilishane takwimu mara kwa mara. Hilo la mwisho ndilo dawa ya uvumi wa Dunga. Tena Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotokana na itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2003, makao yake ni hapahapa Kisumu. Itifaki hiyo nayo inazitaka nchi zijulishane zinapopanga miradi inayoweza kumgusa jirani. Tunayo ofisi mlangoni mwetu. Kimo cha ziwa na kiasi kinachotoka Jinja vingeweza kusomwa kwenye redio za Kisumu, Busia, Homa Bay na Musoma kila juma, kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, kama tunavyosomewa hali ya hewa.

Tunajua jambo hili linawezekana, maana ndani ya nchi tunalifanya. Kwenye daraja la Rwambwa, Mto Nzoia una kipimo. Ni ubao wenye namba, na kuna mtu wa kuusoma. Kimo kikipanda Rwambwa, Budalangi hupewa tahadhari, na muda huo unatosha mama kuwatoa watoto na mbuzi. Hautoshi kuokoa mahindi, lakini unaokoa watu. Hakuna mkataba mkubwa pale. Kuna ubao, mtu mwaminifu, simu, na chifu anayepokea.

Mjomba wangu anaishi upande wa Uganda, karibu na Sio. Nilipomtembelea tulikaa nje jioni, akawa ananionyesha maji yalikofika msimu wa mvua.

"Mjomba, nani huwa anawaambia mto unakuja?" nilimuuliza.

"Mpwa wangu, nani atuambie? Mvua ikipiga Bungoma sisi tunatazama rangi ya maji. Yakishakuwa kama chai ya maziwa, tunahamisha ng'ombe."

"Na usiku?"

Alinyamaza kidogo. "Usiku tunasikia ng'ombe wenyewe."

Upande wa Kenya, juu ya mto huohuo, kuna watu wenye simu mkononi wanaouona mto ukifura saa kadhaa kabla haujamfikia. Kuna vyama vya watumiaji maji vilivyosajiliwa kwa sheria, vyenye wenyekiti na makatibu. Mwaka 2015 Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano kuhusu bonde la Sio-Malaba-Malakisi, na mwaka huohuo Kenya na Tanzania zikaafikiana kuhusu Mara. Siku ya Mara husherehekewa kila Septemba 15 tangu 2012, upande huu mwaka mmoja na upande ule mwingine, na ni jambo zuri. Nimeona watoto wa shule wa nchi mbili wakipanda miti pamoja wakiimba. Ningependa kuona pia orodha ya namba za simu. Kwa kila daraja la Kenya lenye mto unaovuka mpaka, ijulikane ni nani anayesoma kipimo na ni nani upande wa pili anayempigia.

Na tujizoeze hayo sasa, maana kazi kubwa inakuja. Pale Angololo, kwenye Mto Malaba mpakani, umeandaliwa mradi wa bwawa la pamoja la Kenya na Uganda, kwa ajili ya umwagiliaji, maji ya kunywa na umeme. Upembuzi wake umesimamiwa chini ya Mpango wa Bonde la Mto Nile. Nauunga mkono. Teso na Tororo ni ardhi nzuri inayosubiri mvua kama ombaomba ilhali mto unapita katikati yake, na bwawa ambalo nchi mbili zinalimiliki pamoja linazilazimisha zikae meza moja hata serikali zikibadilika.

Lakini nimekaa na watu wa kule, na wanachouliza hakihusu megawati. Maji yakijaa nyuma ya ukuta, yatafunika mashamba pande zote mbili. Upande wa Kenya mashamba mengi yana hatimiliki, ingawa mara nyingi jina lililoandikwa ni la babu aliyefariki zamani. Upande wa Uganda ardhi kubwa inamilikiwa kimila, na mpaka wa shamba ni mti ambao ukoo mzima unaujua. Kuna familia yenye vipande pande zote mbili. Nani atapima shamba hilo, kwa sheria ya nchi gani? Fidia ni kwa shilingi ipi, na mjane ambaye jina lake haliko popote atasimama mbele ya kamati ipi? Skimu ikianza, mwezi wa Februari maji yakiwa hayatoshi wote, mfereji wa upande gani utafungwa kwanza, na nani atashika ufunguo?

Majibu ya maswali hayo yaandikwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Yasomwe kwa Kiteso na kwa Kiswahili kwenye baraza la chifu upande wa Kenya na kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji upande wa Uganda, karatasi ileile, siku ileile, na nakala ibaki kwa kila mzee wa mtaa ambaye shamba la watu wake litaingia majini.